Safari ya 49: mchezo wa vigawo tasa ambao haujapata mwisho

Mwalimu mmoja wa hisabati wa sekondari ameniandikia hivi:

"Habari za kazi. Baada ya somo la vigawo tasa niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili mchezo. Chukua namba, itenganishe mpaka vigawo vyake tasa, viandike kwa kufuatana kuanzia kidogo kwenda kikubwa, kisha soma ulichoandika kama namba mpya. Rudia. Ukikuta namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, simama. Namba 10 ilitufikisha 773 tukafurahi. Binti mmoja akachagua 49, na hadi leo hajafika. Simu nayo imeanza kukataa. Je, tumekosea mahali, au zipo namba zisizofika? Pia nimesikia kuna mtu aliahidi fedha kwa swali la namna hii. Ni kweli?"

Mwalimu, ondoa wasiwasi: hamjakosea popote. Huyo binti amechagua, bila kujua, namba ngumu kuliko zote zilizo chini ya 100. Watu wenye kompyuta kubwa wamepita njia hiyo hiyo anayopita yeye na wamekwama mbele yake. Mpaka leo hakuna aliyeonyesha 49 inaishia wapi, wala kwamba inaishia. Na ndiyo, fedha ziliahidiwa kweli, ila kwa mchezo ulio ndugu wa huu wenu. Nitafika huko, kwa sababu kisa chake ni kizuri mno na mwanafunzi wako anaweza kukihakiki kwa kalamu.

Kwanza tupite njia ya 49 pamoja, umlinganishie na daftari lake. 49 ni 7 × 7, kwa hiyo tunaandika 77. 77 ni 7 × 11, tunapata 711. Tarakimu za 711 zikijumlishwa zinatoa 9, hivyo inagawanyika kwa 9: ni 3 × 3 × 79, tunapata 3379. Hapa wengi husimama wakidhani wamefika, maana 3379 inakataa 3, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 29. Ukivumilia hatua moja tu zaidi, 31 inaingia: 31 × 109. Tunapata 31109, ambayo ni 13 × 2393. Kisha 132393, ambayo ni 3 × 44131. Kisha 344131, yaani 17 × 31 × 653. Kisha 1731653, yaani 7 × 11 × 43 × 523. Na hiyo inatupa 71143523. Hatua nane, tarakimu nane. Usidhani 71143523 ni tasa: jumlisha tarakimu zake kwa kuruka moja moja, 7+1+3+2 ni 13, na zilizobaki, 1+4+5+3, nazo ni 13. Jumla mbili zikilingana, 11 inaingia.

Sasa swali lako la msingi: je, mchezo unaweza kuzunguka, mtu akajikuta amerudi alikopita? Hapana, na hili lina uthibitisho mfupi ambao kidato cha pili wanauelewa. Chukua vigawo viwili, tuseme 7 na 73. Kuvizidisha ni kuchukua 7 mara 73. Kuvibandika ni kuchukua 7 mara 100, kisha kuongeza 73. Mia ni kubwa kuliko 73, kwa hiyo 773 lazima izidi 7 × 73. Ndivyo ilivyo siku zote: kigawo cha mwisho kikiwa na tarakimu mbili ni kidogo kuliko 100, kikiwa na tatu ni kidogo kuliko 1000, na kuendelea. Vikiwa vigawo vitatu au kumi, bandika kimoja kimoja, hoja ni ile ile. Kwa hiyo namba inayofuata huwa kubwa kuliko iliyotangulia, isipokuwa tu ulipokuwa umeshika namba tasa tangu mwanzo. Hakuna kushuka, hakuna kuzunguka. Yamebaki mambo mawili tu yanayowezekana: ama safari inafika kwenye tasa, ama inapanda milele.

Waliotuwekea neno "namba tasa" kwa Kiswahili walitupa picha inayofaa sana mchezo huu. Namba nyingine zote huzaa namba inayofuata. Ukifika kwenye tasa, uzao unakoma.

Namba ya mwisho katika safari hizi Waingereza huiita tasa ya nyumbani, kwamba kila namba ina nyumba yake inakokwenda kupumzika. Jeffrey Heleen aliandika kuhusu familia hizi za namba katika miaka ya 1990, na orodha yake imo katika ile ensaiklopedia ya mtandaoni ya mifuatano ya namba kamili aliyoianzisha Neil Sloane. Sloane alianza kukusanya mifuatano mwaka 1964 akiwa mwanafunzi wa uzamili Cornell, akatoa kitabu mwaka 1973 chenye mifuatano 2,372, kisha mkusanyo ukahamia kwenye intaneti mwaka 1996. Kila mfuatano una namba yake ya usajili. Wa kwenu ni A037274. Mwanafunzi akiuandika huko ataukuta unaanza hivi: 1, 2, 3, 211, 5, 23, 7, kisha ghafla 3331113965338635107.

Hiyo ya mwisho ndiyo nyumba ya 8. Ndiyo, 8 peke yake. Inaanza 222, inakuja 2337, inakuja 31941, inakuja 33371313, na inachukua hatua 13 kufika kwenye tasa yenye tarakimu 19. Jirani yake 9 inafika kwa hatua mbili: 33, kisha 311. Ukiniuliza kwa nini 8 iteseke hivyo na 9 ipite kama iko kwenye mteremko, sina jibu zaidi ya kwamba hivyo ndivyo vigawo vilivyoanguka. Kuzidisha na kubandika ni mambo mawili yasiyofahamiana. Vigawo ni mali ya namba yenyewe, iandikwe kwa tarakimu au kwa mawe. Kubandika ni mali ya maandishi, ya mazoea yetu ya kuhesabu kwa makumi. Mchezo wenu unayalazimisha haya mawili yaishi nyumba moja, na ndiyo maana kila hatua inakuwa kama imechanganywa upya.

Kuchanganywa huko ndiko kunakofanya wengi tuamini kwamba 49 itafika. Sikiliza hesabu yenyewe, kisha upime uzito wake mwenyewe. Kati ya namba zenye tarakimu kama 100, moja katika kila 230 hivi ni tasa. Lakini namba zinazotokea katika mchezo zina upendeleo: huishia na tarakimu za kigawo tasa kikubwa, kwa hiyo, zikishavuka zile ndogo za mwanzo, huishia kwa 1, 3, 7 au 9, wala haziwezi kugawanyika kwa 2 au 5. Upendeleo huo unaipandisha nafasi mara mbili na nusu, kuwa moja katika 92 hivi. Kwa tarakimu 200 nafasi ni moja katika 184. Kadiri namba inavyorefuka nafasi inapungua, lakini haipungui haraka. Safari ya 49 imekuwa ikirefuka kwa wastani wa tarakimu mbili hivi kila hatua. Nikichukulia kwamba kila hatua ni kama kurusha karata upya, basi kila urefu unapokuwa maradufu, kutoka 200 hadi 400, kutoka 400 hadi 800, safari inapata nafasi ya karibu theluthi moja ya kufika. Theluthi moja, kisha theluthi ya kilichobaki, kisha tena, bila kikomo. Mtu anayepewa nafasi za namna hiyo zisizoisha atapata siku moja.

Ila theluthi moja kwa kazi ya kutoka tarakimu 200 hadi 400 ni ujira mdogo kwa jasho kubwa. Na hapa ndipo simu ya binti yako ilipokataa.

Kuna kazi mbili ambazo wanafunzi huzichanganya. Kujua kama namba ni tasa ni kazi moja. Kuipasua mpaka vigawo vyake ni nyingine kabisa. Ya kwanza ni nyepesi kwa kompyuta: mwaka 2002 Wahindi watatu wa Kanpur, Agrawal, Kayal na Saxena, walithibitisha kwamba inafanyika kwa muda usiolipuka kadiri namba inavyorefuka, na njia zinazotumika kila siku zina kasi kubwa zaidi. Kompyuta ya kawaida inakwambia kwa muda mfupi kwamba namba ya tarakimu 250 si tasa, bila kukuonyesha hata kigawo kimoja. Kukionyesha ndiyo shida. Mwaka 2020 kundi la wataalamu lilipasua namba maarufu yenye tarakimu 250, iliyotengenezwa kwa kuzidisha tasa mbili kubwa, na kazi hiyo ilikula kiasi cha miaka 2,700 ya kichakato kimoja cha kompyuta, ikagawanywa kwa maelfu ya vichakato ili iishe kwa miezi. Ugumu huo huo ndio unaotegemewa kulinda siri nyingi zinazopita kwenye intaneti. Safari ya 49 imeshafuatwa kwa zaidi ya hatua 100 na namba zake zimevuka tarakimu 200. Si kila namba ndefu ni ngumu namna ile, kwa sababu nyingi zina vigawo vidogo vinavyopunguza kazi. Lakini inatosha ikutokee moja ngumu, na huwezi kuiruka. Bila vigawo vyote vya hatua hii, hatua inayofuata haipo.

Chini ya 100 namba zilizokwama ni mbili, 49 na 77, na umeshaona kwamba ya pili ni mtoto wa ya kwanza. Kwa hiyo kwa kweli ni moja.

Sasa habari ya fedha. Mwanahisabati John Horton Conway alizaliwa Liverpool mwaka 1937, akafundisha Cambridge kisha Princeton, na alifariki Aprili 2020. Alipenda mchezo ulio ndugu wa wenu, wenye tofauti moja: badala ya kurudia kigawo, unaandika kipeo chake. Kwako 8 ni 2 × 2 × 2, unaandika 222. Kwake 8 ni 2 kwa kipeo cha 3, unaandika 23, na tayari umefika. Kipeo kikiwa 1 hakiandikwi. 20 ni 2 kwa kipeo cha 2, mara 5, kwa hiyo ni 225. Hiyo ni 3 kwa kipeo cha 2, mara 5 kwa kipeo cha 2, kwa hiyo 3252, kisha 223271, kisha 297699, na 20 inaendelea kupanda mpaka leo bila kufika. Conway alidai kwamba kila namba inayozidi 1 itafika kwenye tasa, na mwaka 2014 aliliweka dai hilo miongoni mwa maswali matano, kila moja dola 1,000 kwa atakayelithibitisha au kulipindua.

Tazama lakini kilichopotea. Hoja yetu ya kupanda siku zote haifanyi kazi kwake. 1024 ni 2 kwa kipeo cha 10, inaandikwa 210, yaani imeporomoka. (210 ni 2 × 3 × 5 × 7, inaandikwa 2357, na hiyo ni tasa. Wape wanafunzi hii, wataipenda.) Kama namba inaweza kushuka, basi inaweza pia kubaki pale pale ilipo. Hesabu ya bahati niliyokupa juu ingesema hilo ni vigumu mno kutokea. Bahati ni shahidi mzuri pale ambapo hakuna mtu anayepanga karata. Mwaka 2017 akatokea mtu aliyezipanga.

Anaitwa James Davis, na si mwanahisabati kwa kazi wala kwa masomo. Namba yake ni 13532385396179. Ipasue na utapata 13, kisha 53 kwa kipeo cha 2, kisha 3853, kisha 96179. Viandike kwa kufuatana: 13, 53, 2, 3853, 96179. Soma. Ni namba ile ile. Si tasa, wala haitafika kamwe kwenye tasa, kwa sababu kila ukiigeuza inakurudia.

Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani aliipata kwa kuiachia kompyuta ikimbie kutoka 1 kwenda juu. Tarakimu 14 ni nyingi mno kwa njia hiyo. Alichofanya ni kukaa na swali mpaka likabadilika sura, na ningependa ulieleze darasani polepole.

Tuseme namba tunayoitafuta ni x mara p, ambapo p ni kigawo tasa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya x. Tukiiandika kwa mtindo wa Conway, tutaandika kwanza vigawo vya x, kisha tutabandika p mwishoni. Tunataka matokeo yawe x mara p yenyewe. Sasa, namba gani ukiizidisha kwa p inamwacha p mzima mkiani? Zile zinazoishia na sifuri kadhaa na moja! 1407 ikifuatwa na 00001, yaani 140700001, ukiizidisha kwa 96179, ile 1 ya mwisho inakupa 96179 mkiani bila kuguswa, na mbele yake unabaki 1407 × 96179. Sifuri zimeacha nafasi ya tarakimu tano, na 96179 ina tarakimu tano kamili. Kwa hiyo mkia umeshatimia wenyewe. Kimebaki kichwa: tunataka vigawo vya 140700001 vikiandikwa vitoe 1407 × 96179. Na 140700001 ni 13 × 53 × 53 × 3853. Kwa mtindo wa Conway inaandikwa 135323853. Zidisha 1407 kwa 96179, mwalimu. Ni 135323853.

Kwa hiyo badala ya kupekua namba moja moja zenye tarakimu 14, unapekua namba fupi zaidi, zenye umbo la kitu fulani, sifuri, kisha moja. Kila unapopata moja unaandika vigawo vyake, unagawanya kwa kile kitu cha mbele, na kuuliza: je, nimepata tasa yenye urefu unaotakiwa? Kazi imekuwa ndogo kwa mamilioni ya mara, kwa wazo ambalo halihitaji zaidi ya hisabati ya sekondari.

Na wazo hilo halikomei kwenye makumi. Wanaohesabu kwa mbili, kama kompyuta, wana namba yao, na ni ndogo ajabu: 255987. Hiyo ni 499 mara 513, na 513 ni 512 jumlisha 1, yaani kwa lugha ya mbili ni moja, sifuri nane, kisha moja. Umbo ni lile lile la Davis, ila kichwa ni 1 tu. 513 ni 3 kwa kipeo cha 3, mara 19. Kwa tarakimu za mbili, 3 ni 11, kipeo 3 ni 11 tena, na 19 ni 10011. Vibandike: 111110011. Sasa andika 499 kwa tarakimu za mbili. Ni 111110011. Kichwa na mkia ni kitu kimoja, na namba nzima ni 499 iliyoandikwa mara mbili mfululizo. Nimeionyesha kwa wanafunzi mara nyingi na bado kila mara naandika zile tarakimu kwa mkono ubaoni, sizibandiki, kwa kuwa nataka nizione zikitokea.

Rudi basi kwa binti yako. Katika mchezo wenu wa kurudia vigawo hatatokea Davis wa namna hii, maana tumethibitisha kwamba namba haiwezi kujirudia. Kama kuna namba isiyofika, itakuwa inapanda bila kikomo, na hakuna anayejua jinsi ya kuthibitisha jambo hilo kwa namba hata moja. Kuthibitisha kwamba zote zinafika nako hakujafanyika. Swali lake ni swali lililo wazi, kwa maana kamili ya neno hilo, na ana haki ya kuambiwa hivyo mbele ya wenzake.

Kwa wengine darasani, 14 na 15 ni saizi nzuri ya kipindi kimoja. 15 inapita 35, 57, 319 na kuishia 1129. 14 inapita 27, 333, 3337 na 4771, kisha 13367. Ile 3337 itawasumbua kidogo, kwani ni 47 × 71 na wengi huchoka kabla ya kufika 47. 16 nayo inawezekana kwa subira: 2222, 211101, 3116397, kisha 31636373. Epuka kuwapa 8 na 20 kwa kalamu. 20 kwa mchezo wenu inaishia kwenye tasa ya tarakimu 19 kama 8.

Yeye mwenyewe mpe namba ya Davis aihakiki. Kikokotoo cha kawaida hakitoshi kwa tarakimu 14, lakini hakihitajiki: azidishe 1407 kwa 96179 kwenye karatasi, aandike 96179 nyuma ya jibu, kisha azidishe 13 × 53 × 53 × 3853 aone zile sifuri zikijitokeza. Halafu arudi kwenye 49 yake. 71143523 ukiigawa kwa 11 unapata 6467593. Aanzie hapo.